Chemba imefurika: iulize saa kabla hujailaumu mvua

Chemba imefurika. Majitaka yanashuka barabarani, yanaingia mtaroni, mtaro unayafikisha Mto Mirongo hapa Mwanza, na Mirongo unayamwaga Ziwa Viktoria. Ziwa ni hilohilo tunalochota maji ya kunywa kule Capri Point na Butimba. Vijana wa dharura wanafika na fimbo zao za kuzibulia, wanafanya kazi ngumu katika harufu kali, wanaandika "mvua" kwenye daftari, wanaondoka. Wiki mbili baadaye wako palepale, na mama aliyekuwa akikaanga samaki hatua kumi kutoka hapo ameshahamisha meza yake.

Nimeyafungua madaftari mengi ya aina hiyo na kuyaweka sambamba na vipimo vya mvua, umeme na pampu. Neno "mvua" nimelikuta limeandikwa hata siku ambazo halikudondoka tone. Mwongozo huu ni wa fundi, mhandisi kijana au mtunza takwimu anayetaka kujua chanzo chenyewe, ili akirudi mtaani arudi kwa jambo jingine. Swali la kuanzia ni moja: ilianza saa ngapi, na saa hiyo nini kingine kilikuwa kinatokea?

Kwanza, saa zote ziseme lugha moja

Sehemu hii usiiruke, kwa kuwa ndiyo iliyonipotezea muda mwingi kuliko nyingine zote.

Daftari la dharura huandikwa kwa saa zetu. Fundi akiandika "saa 2 usiku" anamaanisha kile ambacho mashine ingeandika 20:00. Karani anayeingiza kwenye kompyuta anaona "2", anaandika 02:00. Kwa upande mwingine, kirekodi kilichofungwa kwenye kipimamvua mara nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Sasa chukua jioni moja: mvua imeanza saa 1:30 usiku, chemba imefurika saa 2:00. Kirekodi kinasema mvua ilianza 16:30. Kompyuta inasema chemba ilifurika 02:00. Ukitazama grafu utaona mfuriko umetangulia mvua kwa saa 14 na nusu, na utahitimisha kuwa mvua haihusiki. Ukweli ni kwamba ilihusika, tena ndani ya nusu saa.

Dawa yake haina gharama. Daftari liwe na safu ya "asubuhi, mchana, jioni, usiku" mbele ya saa, na wakati wa kuingiza kwenye kompyuta mtu mmoja tu ndiye abadilishe kwenda mtindo wa saa 24. Vifaa vyote vipimwe saa zao mara moja kwa mwezi kwa kuvilinganisha na simu. Tena fundi aandike saa mbili tofauti: saa jirani alipoona majitaka yameanza kutoka, na saa yeye alipofika. Madaftari mengi yana ile ya pili pekee, na ile ya pili inaeleza usafiri wa fundi. Habari za bomba haina.

Kisha kusanya rekodi zako sehemu moja: mvua, kina cha maji ndani ya chemba chache ulizochagua, saa za kuwaka na kuzima kwa pampu, kukatika kwa umeme, ratiba ya mgao wa maji, na kimo cha ziwa. Zipange kwenye grafu moja, zikipishana juu na chini, mstari wa saa ukiwa mmoja. Hata karatasi ya miraba inatosha kwa kuanzia.

Kuhusu mvua, neno moja. Kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kiko uwanja wa ndege, kilomita kama 10 kaskazini mwa katikati ya jiji. Anayeishi hapa anajua kwamba mvua ya kando ya ziwa hunyesha kwa vipande: Igoma wanakimbilia chini ya mabati huku Kirumba dagaa wanaanikwa juani. Takwimu za uwanja wa ndege ni nzuri kwa msimu mzima, ila kwa mfuriko wa dakika 40 utahitaji kipimamvua ndani ya eneo lenyewe. Shule ya msingi yenye mlinzi na uwanja ulio wazi ni mahali pazuri pa kukiweka.

Dalili: inafurika jua likiwaka

Hapa mvua imeshatoka kwenye orodha. Tazama kina cha maji kwenye chemba ya juu na ya chini ya ile iliyofurika. Kama juu kimepanda na chini kimeshuka karibu kukauka, bomba limeziba katikati ya hizo mbili. Kama juu na chini vyote vimepanda, kizuizi kiko mbele zaidi, pengine kwenye kituo cha pampu, na kuzibua pale ulipo ni kupoteza nguvu.

Kuziba kwenyewe huwa na ishara mapema. Kina cha chini kabisa cha kila alfajiri kinapanda sentimita moja, kisha mbili, kisha nne, wiki baada ya wiki, kabla mtu yeyote hajanusa kitu. Mafuta ya kupikia yanaganda, pedi zinashikamana nayo, mchanga unakaa nyuma yake. Ukiwa na kihisi kimoja tu cha kina, kiweke chini ya mtaa wenye migahawa na mama ntilie wengi, halafu fuatilia hiyo alfajiri. Ukiona inapanda siku kumi mfululizo bila mvua, tuma watu wakasafishe kabla ya mfuriko.

Jambo ambalo vitabu vya nje hulizungumzia kidogo ni mgao. Bomba la majitaka hutegemea kasi ya maji ili lijisafishe, na wahandisi hutaka angalau sentimita 60 kwa sekunde mara moja kwa siku. Maji yakikatika mtaani siku tatu, watu wanatumia ndoo, kinachoingia bombani ni kizito na kidogo, na kinakaa. Siku ya nne maji yanarudi, kila nyumba inafua, inadeki na kujaza matangi yanayofurika. Tope lililokaa linasukumwa kwa pamoja hadi kwenye kona au mahali bomba linapolala, na hapo linaziba. Kwenye daftari itaandikwa "matumizi mabaya ya wateja". Weka ratiba ya mgao juu ya tarehe za mifuriko, uone ni mingapi imeangukia siku ya kwanza au ya pili baada ya maji kurudi.

Dalili: inafurika dakika chache baada ya mvua kuanza

Mfumo wetu wa majitaka haukujengwa kubeba mvua. Nalisema hili wazi kwa sababu miongozo mingi inayosomwa mtandaoni imeandikwa Uingereza, ambako miji mingi ya zamani ina bomba moja la majitaka na mvua, na matundu ya kumwagia mtoni yamewekwa makusudi kwa siku za mvua kubwa. Huko mfuriko wa siku ya mvua unaweza kuwa mfumo unafanya kama ulivyosanifiwa. Hapa mvua ina mitaro yake. Ikionekana ndani ya bomba la majitaka, imeingizwa na mtu au imepata tundu.

Na hapa Mwanza inaingia kwa haraka. Mwamba haunywi maji. Kinachodondoka juu ya mawe na mabati ya mlimani kinafika chini kabla hujamaliza kufunga dirisha, na bomba lililoteremka kwa kasi kilimani linafika tambarare karibu na ziwa ambako mteremko umepungua. Bomba la milimita 200 lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 likijaa hupitisha takriban lita 33 kwa sekunde. Bomba hilohilo, mteremko ukishuka hadi sentimita 40 kwa mita 100, hupitisha kama lita 21. Chemba inayofurika mara nyingi ndiyo ile iliyopo pale mlima unapokutana na tambarare. Yenyewe haina kosa, inaonyesha tu mzigo ulioingizwa juu.

Mzigo huo ni mkubwa kiasi gani? Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 120 za mraba, mvua ya milimita 30: lita 3,600. Nyumba 50 zilizounganisha mifereji ya paa kwenye chemba ya uani: lita 180,000. Zikiingia kwa nusu saa ni lita 100 kwa sekunde, mara tatu ya uwezo wa bomba letu hata pale mteremko ulipo mzuri. Nyumba hizo 50 zikiwa na watu sita kila moja, na kila mtu akirudisha bombani lita 64 kwa siku, zinatoa lita 19,200 za majitaka. Nusu saa ya mvua imeingiza kitu sawa na siku tisa za choo, bafu na jiko. Mwenye nyumba aliyeunganisha mfereji wake alitaka tu ua wake usijae maji. Ukimwonyesha hesabu hii, kwa heshima, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wengi huelewa.

Njia za mvua kuingia ni mbili kubwa, na takwimu zinaweza kuzitenganisha kabla hujatoka ofisini. Kwa kila mvua ya miezi mitatu, tafuta ujazo wa ziada: mkondo wa siku hiyo ukitoa mkondo wa kawaida wa siku kavu ya aina hiyo, Jumatatu kwa Jumatatu, Jumapili kwa Jumapili. Weka nukta kwenye grafu, milimita za mvua chini, ujazo wa ziada pembeni.

Nukta zikipanga mstari unaoanzia karibu na sifuri, yaani hata mvua ya milimita 3 inaongeza kitu, ni mapaa. Paa halisubiri. Nukta zikikaa chini hadi milimita 10 au 15 halafu zikaruka juu, ni maji yanayotiririka juu ya ardhi, yanayotakiwa kujaa uani au barabarani kwanza ndipo yafikie mdomo wa chemba: mfuniko umevunjika, au umeibwa na kuuzwa vyuma chakavu, au sinki la nje liko chini ya usawa wa ua. Mara nyingine ni watu wenyewe kufungua chemba ili ua ukauke. Mvua ya namna hii huleta mchanga mwingi, hivyo uliza pia watu wa mabwawani, yaani mabwawa ya kusafishia majitaka mwisho wa mtandao, kama mchanga uliongezeka siku hiyo.

Mstari ukiwa wa kwanza, mwinuko wake unakupa eneo la mapaa moja kwa moja. Kila milimita ikiongeza lita 6,000, yameunganishwa mapaa ya mita 6,000 za mraba. Hapo unajua unatafuta takriban nyumba 50. Puliza moshi ndani ya bomba, nao utatokea kwenye mifereji iliyounganishwa. Watangazie wakazi siku moja kabla, na wajulishe watu wa zimamoto, maana moshi ukitoka kwenye paa la jirani simu zitapigwa.

Dalili: mvua imekatika, mkondo haushuki

Siku tatu baada ya mvua bado unaona mkondo mkubwa, tena usiobadilika usiku na mchana. Hayo ni maji ya ardhini yanayopenya kwenye maungio yaliyopasuka na kuta za chemba. Kipimo chake ni mkondo wa kati ya saa 8 na saa 10 alfajiri, wakati watu wamelala. Ukiondoa hospitali, hoteli na viwanda vinavyofanya kazi usiku, kinachobaki hapo kwa sehemu kubwa si cha binadamu.

Kwa mabomba ya ufukweni angalia kimo cha ziwa. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafika tena kwenye viwango vya wakati ule. Bomba lililokuwa juu ya maji ya ardhini sasa limezama ndani yake. Ziwa hupanda polepole na kwa kawaida hufikia kilele chake karibu na mwisho wa masika, kwa hiyo mkondo wa alfajiri unaopanda kuanzia Aprili na kuchelewa kushuka hadi Julai unafuata ziwa zaidi ya mvua ya jana. Kuziba chemba mpya mlimani hakutausaidia.

Ila subiri kabla ya kuchimba. Mkondo wa alfajiri ulio juu mwaka mzima, kiangazi na masika, unaweza kuwa majisafi: vyoo vya kuflashi vinavyovuja, au tangi la taasisi linalofurika usiku presha ikipanda. Tumia kipimo cha EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme. Maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo sana, karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita, na majitaka huwa mara kadhaa ya hapo. Tuseme majitaka yako ya siku kavu ni 1,000 na alfajiri unapima 400. Ukikokotoa mchanganyiko, theluthi mbili ya kinachopita pale ni maji ya bomba. Kisha nenda chemba kwa chemba kuelekea juu, usiku huohuo, hadi EC inaporuka. Kati ya chemba hizo mbili ndipo penye mvujo. Kazi ya usiku mmoja, kifaa cha mkononi, na mara nyingi anayeokolewa pesa ni mteja mwenyewe aliyekuwa akilipia maji hayo.

Dalili: kituo cha pampu kinafurika umeme ukikatika, lakini si kila mara

Hili huwashangaza wengi, lakini hesabu ni rahisi. Shimo la pampu lina nafasi fulani juu ya kiwango cha kuwashia pampu kabla ya kumwagika. Nafasi ikiwa lita 6,000 na majitaka yanaingia lita 5 kwa sekunde, saa 1 asubuhi una dakika 20. Saa 8 usiku yanaingia lita 1, una dakika 100. Umeme uleule ukikatika kwa saa moja, asubuhi utamwaga na usiku hutamwaga. Jenereta inayohitaji mtu aje na dizeli kutoka upande wa pili wa jiji haiwezi kukuokoa asubuhi, hata mtu huyo awe na bidii namna gani.

Kama kinafurika umeme ukiwepo, pima pampu. Shimo la kipenyo cha mita 2 lina lita 314 katika kila sentimita 10. Zima pampu: maji yamepanda sentimita 10 kwa sekunde 100, basi yanaingia lita 3.1 kwa sekunde. Washa: yameshuka sentimita 10 kwa sekunde 60, ni lita 5.2. Jumla, pampu inasukuma lita 8.4 kwa sekunde. Ikiwa ilipofungwa ilisukuma 12, imelika, imemeza matambara, au vali ya kuzuia maji kurudi haifungi. Saa za pampu kufanya kazi zikiongezeka mwezi hadi mwezi bila wateja kuongezeka, ujumbe ni huohuo.

Dalili: kila kitu kiko shwari, ila mabwawani yanafika kidogo

Usifurahi. Chukua majisafi yaliyouzwa kwa wateja waliounganishwa, chukua asilimia 80 kama makadirio, linganisha na kinachoingia mabwawani. Pengo kubwa wakati wa kiangazi linamaanisha majitaka yanatoka njiani, mara nyingi mahali pasipo na mtu wa kulalamika: nyuma ya ukuta, kando ya mto, chini ya mwamba. Fuata mto kwa miguu asubuhi ya siku kavu, ukitazama majani yaliyo mabichi kupita kiasi.

Kabla ya hapo kagua kihisi. Mstari ulionyooka kabisa kwa saa sita ni tambara lililokaa juu yake au betri imekufa. Mruko wa ghafla kwenda juu usiofuatwa na chemba ya chini ni povu au utando wa buibui mbele ya kihisi cha mawimbi ya sauti. Mara moja kwa wiki mtu ateremshe rula na aandike alichokiona. Mpeni vifaa vya usalama na mwenzake wa kusimama juu. Hewa ya chemba inaua, na hakuna takwimu yenye thamani ya kumteremsha mtu peke yake.

Pia kuna yale ambayo hayakutoka kwenye mtandao wetu kabisa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, baadhi ya wakazi wa vilimani hutapisha vyoo vya shimo ili mvua ichukue. Asubuhi barabara inanuka na simu inapigwa. Weka kila taarifa kwenye ramani: isiyo na bomba la majitaka ndani ya mita 50, iandikwe pembeni. Hiyo ni kazi ya magari ya kunyonya majitaka na bei yake kwa kaya maskini, na inahitaji kushughulikiwa kwa uzito uleule, kwa sababu ziwa halitofautishi.

Kuhesabu, kisha kurudi kuhakiki

Kubalianeni mfuriko mmoja ni nini. Chemba iliyotoka maji siku tatu mfululizo ni tukio moja au matatu? Uingereza huhesabu saa 12 za kwanza kuwa tukio moja, kisha kila saa 24 zinazofuata tukio jingine. Mnaweza kuchagua kanuni yenu, mradi isibadilike katikati ya mwaka, na muda wa kumwaga uandikwe pamoja na idadi.

Mkishakata mifereji ya mapaa, msijipime kwa idadi ya mifuriko, maana vuli hafifu ikija idadi itashuka hata kama hamjafanya lolote. Chora upya ule mstari wa milimita na ujazo wa ziada. Ukiwa umeshuka kutoka lita 6,000 kwa milimita hadi 2,000, mmeondoa mita 4,000 za mraba za mapaa. Zilizobaki ni 2,000, gawanya kwa 120: kama nyumba 17. Rudini na mashine ya moshi.